Jenerali Aliyefyonza Jipu

Mama yangu si msomaji wa historia ya China. Anasikiliza taarifa ya habari saa mbili usiku, anamwagilia mchicha wake, na nikimpigia simu jioni huniruhusu nimsimulie nilichosoma, ilimradi nisimrundikie majina. Kwa hiyo siku niliyomsimulia habari za Wu Qi sikumtaja jina. Nilimwambia tu kwamba zamani sana palikuwa na jenerali aliyeogopwa kila dola jirani. Siku moja kambini akamkuta askari wa cheo cha chini kabisa ana jipu limeiva. Jenerali akainama, akaweka mdomo pale pale penye jipu, akafyonza usaha wote.

Nikatua kidogo, kama afanyavyo msimuliaji anayejua anachokuja nacho. Nilikuwa nimemwekea sehemu ya pili: mama wa yule kijana anapata habari, anaangua kilio, watu wanamshangaa. Mwanao ni askari wa kawaida, jenerali mwenyewe kamfyonza jipu, sasa unalia nini? Mama hakusubiri sehemu ya pili.

"Basi huyo mtoto ameshakufa," akasema.

Mama wa kwenye simulizi alisema hivyo hivyo, ila kwa maneno mengi zaidi. Alieleza kwamba miaka ya nyuma jenerali huyu huyu alimfyonza jipu baba wa kijana. Baba akaenda vitani, hakurudisha unyayo nyuma, akauawa na adui. Leo kamfyonza na mtoto. Sijui huyu naye atafia wapi, alisema. Ndiyo maana ninalia.

Nilimuuliza mama amejuaje. Akanikumbusha marehemu mjomba, aliyekwenda vita vya Kagera mwaka 1978. Mjomba alirudi mzima, lakini mpaka anaingia kaburini alimtaja mkuu wa kikosi chake mara nyingi kuliko alivyomtaja babu. "Yule bwana aliwagawia maji yake mwenyewe," mama akasema. "Angewaambia ingieni motoni, wangeingia." Kisha akataka kujua yule jenerali alikuwa na mke.

Hapo ndipo nilipoishiwa maneno, kwa sababu swali la mke ndilo swali ambalo wasifu wa Wu Qi umejaa, na mimi nilikuwa nimeusoma mara mbili nikihesabu vita tu.

Aliyetuandikia habari ya jipu ni Sima Qian, mwanahistoria wa ikulu ya nasaba ya Han, karibu miaka 300 baada ya Wu Qi kufa. Alimweka katika sura moja na Sun Wu na Sun Bin, mabingwa wengine wawili wa vita, na tangu kabla ya hapo Wachina wakitaka kutaja ubingwa wa vita walisema kwa mkato "Sun na Wu". Sun Wu amepata bahati. Maneno yake yanasomwa kwenye semina za biashara, na makocha wa mpira wanayanukuu. Wu Qi hasikiki huko, na ukiyajua maisha yake huhitaji kuuliza sababu. Mwalimu wa semina angeanzia wapi?

Zama zenyewe zilikuwa za moto. Karne ya 5 na ya 4 Kabla ya Kristo, China haikuwa nchi moja. Madola saba makubwa na mengine madogo madogo yalikuwa yakimegana mpaka mwaka 221 KK, dola la Qin lilipoyameza yote. Katika hali hiyo mtu mwenye akili ya vita au ya utawala alikuwa kama fundi hodari asiye na karakana: anabeba ujuzi wake, anabisha hodi kwa mtawala huyu, akikataliwa anakwenda kwa yule. Wu Qi alizaliwa Wey, dola dogo (lisichanganywe na Wei, lile kubwa alilokuja kulitumikia baadaye). Kwao walikuwa na mali. Yeye akaimaliza akizunguka kutafuta cheo, asipate. Majirani wakamcheka. Inasemekana aliwaua zaidi ya 30 kati ya waliomcheka, kisha akatoka kwa lango la mashariki. Mama yake akamsindikiza. Wakati wa kuagana akajing'ata mkono na kula kiapo: sitakanyaga tena Wey mpaka niwe mkubwa wa serikali.

Mama akafa. Hakurudi kuzika. Wakati huo alikuwa anasoma kwa Zengzi, aliyekuwa mwanafunzi wa mwanafalsafa Confucius, na katika madhehebu yale hakuna deni zito kama la mzazi. Mtu alitakiwa akae matanga mpaka mwaka wa tatu. Zengzi alimfukuza. Wu Qi akafunga vitabu vya adabu, akafungua vya vita.

Hapa msomaji awe macho kidogo. Habari ya majirani 30, ya kiapo na ya matanga, Sima Qian haitoi kwa kinywa chake. Anaiweka kwenye vinywa vya watu wa Lu, dola alilolitumikia kwanza, waliokuwa wakimchongea Wu Qi kwa mtawala wao. Ni maneno ya fitina, na fitina hukolezwa. Lakini kuna jambo moja ambalo mwanahistoria hakulisukumia mtu mwingine, analisema mwenyewe wazi. Dola la Qi lilipoishambulia Lu, watu wa Lu walitaka kumpa Wu Qi jeshi. Wakasita, kwa sababu mkewe alikuwa binti wa Qi. Wu Qi akamuua mkewe, ili ionekane kwamba hana upande na Qi. Akapewa jeshi. Akaipiga Qi vibaya sana.

Sentensi tatu, nne. Mke hana jina, hatuambiwi alikuwa na umri gani wala kama alikuwa na watoto. Na faida yenyewe haikudumu, kwani baada ya ushindi ule wachongezi walianza kazi: mtu huyu, walisema, ni mkatili na hamwamini mtu, amemuua mkewe apate ujenerali. Mtawala wa Lu akamwachisha. Kwa hiyo ile damu ilinunua vita moja.

Han Fei, mwanafalsafa aliyeishi karne moja na zaidi baadaye, anaye mke mwingine wa Wu Qi. Huyu hakuuawa. Aliagizwa afume utepe wa kipimo fulani, ukatoka mwembamba kuliko kipimo, mumewe akamwambia aurekebishe. Akajibu kwamba nyuzi zimeshatandwa, haubadiliki tena. Wu Qi akamrudisha kwao. Shemeji akaja kuombea, hakubadilisha neno. Han Fei aliipenda hadithi hii kwa sababu aliamini katika sheria isiyomtazama mtu usoni, na kwake Wu Qi ni shujaa. Mimi ninachokiona ni kwamba watu wa kale, wenye kumchukia na wenye kumpenda, walipotaka kuonyesha Wu Qi ni mtu wa aina gani, wote walimwita mkewe aje asimame mbele.

*

Alipofukuzwa Lu alikwenda Wei. Mtawala Wen wa Wei akamuuliza mshauri wake Li Ke: huyu ni mtu gani? Li Ke akajibu bila kumremba. Ni mwenye tamaa na mpenda wanawake, lakini akishika jeshi hata Sima Rangju, yule jenerali wa Qi aliyevuma, hamwezi. Mtawala akapima mizani akamchukua. Wu Qi akaivamia Qin akateka miji mitano, kisha akafanywa liwali wa Xihe, eneo la magharibi ya Mto Njano lililotazamana na Qin uso kwa uso. Ndipo jina lake lilipokua mpaka likawa lenyewe ni ngome.

Huko ndiko alikoishi maisha ambayo mjomba angeyaelewa. Alivaa nguo alizovaa askari wa mwisho, akala walichokula. Hakulala kwenye mkeka. Jeshi likitembea hakupanda farasi wala gari, na chakula chake alikibeba mwenyewe mgongoni. Wahenga wetu walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Wu Qi alikaa chini akala na watu maelfu, na lengo lake lilikuwa ni kuwakanusha wahenga hao: wale wale aliokula nao wafe naye, na ikibidi wafe kwa ajili yake.

Kuna kitabu kidogo cha vita kinachobeba jina lake. Toleo tulilonalo lina sura sita, na mwaka 1080 nasaba ya Song ilikiweka kati ya vitabu saba vya kusomewa mitihani ya uofisa. Si kila neno ndani yake limetoka kwake. Kinataja, kwa mfano, wapanda farasi 3,000 katika vita vyake na Qin, wakati madola ya China yalikuja kuzoea kupigana juu ya mgongo wa farasi miongo kadhaa baada ya kifo chake. Lakini sauti ya kitabu ni ya mtu aliyelala chini bila mkeka.

Kinaanza kwa kichekesho. Wu Qi anamwendea Mtawala Wen akiwa amevaa kanzu ya kisomi ya wafuasi wa Confucius. Mtawala anasema: mimi mambo ya vita siyapendi. Wu Qi anamwangalia. Mwaka mzima, anamwambia, unachuna wanyama ngozi na kuzipaka rangi na vanishi, unafua mikuki mirefu na mifupi, unaunda magari makubwa yaliyofunikwa ngozi. Kwa macho hayapendezi, kwa mawindo hayafai. Sasa ni ya nini? Na kama ni ya vita na hutafuti mtu wa kuyatumia, basi wewe ni kuku anayeatamia kumrukia mbweha, au mbwa anayenyonyesha kumvaa chui milia. Moyo wa kupigana wanao. Mauti ndiyo yanayowafuata.

Ninaupenda mfano huu kwa sababu haumdharau kuku. Ushujaa, kwa Wu Qi, ni kitu cha kawaida. Kila mwenye kitoto anao. Jambo la nadra ni kuupanga.

Na aliupanga kweli. Dola la Wei lilikuwa na askari wateule, ambao jina la Wu Qi limeambatana nao hadi leo, na mwanafalsafa Xunzi ametuachia jinsi walivyopimwa. Mtu anavaa deraya ya vipande vitatu, anashika upinde mzito wa kufyatua kwa mtambo, mishale 50 mgongoni, mkuki wenye ndoana begani, kofia ya chuma kichwani, upanga kiunoni, na chakula cha siku tatu. Kisha anatembea li 100, yaani karibu kilomita 40, kwa siku. Akifaulu, nyumba yake inasamehewa kodi na kazi za lazima, na anapewa ardhi nzuri. Xunzi, ambaye hakuwa mtu wa kufurahishwa haraka, aliona na tundu lake: askari anazeeka, nguvu zinamwisha, lakini msamaha wa kodi huwezi kumnyang'anya, basi dola linapanuka huku hazina inapungua. Mhasibu yeyote wa serikali atamwelewa.

Lakini mwili uliopimwa ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni kichwa. Kitabu kinasema uwanja wa vita ni mahali pa maiti zilizosimama: anayekwenda akiwa ameshakubali kufa ndiye anayerudi, na anayekwenda akiomba arudi ndiye anayebaki huko. Jenerali mzuri awaweke watu wake kama waliokaa kwenye jahazi linalovuja, au waliolala chini ya paa linaloungua, mwenye akili asipate nafasi ya kuwaza na shujaa asipate nafasi ya kukasirika. Kusitasita, anasema, ndiyo maradhi makubwa kuliko yote ya jeshi.

Kisha unakuja mfano ambao umenikaa kichwani kwa miezi. Jambazi mmoja aliyekata tamaa ya maisha amejificha porini. Watu elfu moja wanamsaka. Wote elfu wanatembea wakigeuza shingo kama bundi, wakiangalia nyuma na pembeni. Kwa nini? Kila mmoja anaogopa kwamba yule jambazi atamtokea yeye. Mtu mmoja aliyekubali kufa anawatia hofu watu elfu. Basi, anamwambia mtawala, nikikupa watu elfu 50 wote wakiwa na moyo wa yule jambazi mmoja, nani atasimama mbele yetu?

Usome tena polepole. Anaisifu hofu kwa kuichambua kama mganga anavyochambua homa. Wale elfu hawaogopi kwa sababu jambazi ana nguvu; wanaogopa kwa hesabu, kila mmoja akijumlisha kivyake, na jumla ya hesabu zao ni ujinga. Na dawa aliyoiona ni kutengeneza majambazi elfu 50 kwa kufyonza majipu.

Ogopa sana mtu anayekupenda kwa utaratibu.

Sitaki kumgeuza Wu Qi kuwa mnafiki, maana kuna upande wake ambao ni mgumu kuukataa. Alikuwa mtu wa neno. Siku moja alikutana na rafiki wa zamani akamwalika wale pamoja. Rafiki akasema sawa, ninakuja. Hakuja. Wu Qi akakaa na chakula mpaka usiku, hakukigusa, mpaka asubuhi alipotuma mtu akamwita, ndipo wakala. Tunasema ahadi ni deni. Huyu bwana aliilalia njaa.

Na neno hilo alilitumia kama silaha. Mpakani palikuwa na mnara mdogo wa Qin uliowasumbua wakulima wa Xihe. Ulikuwa mdogo mno kuuitia jeshi, na ulikera mno kuuacha. Wu Qi akaegemeza mti wa gari la kukokotwa nje ya lango la kaskazini, akatangaza: atakayeuhamishia nje ya lango la kusini atapewa shamba zuri na nyumba nzuri. Watu wakacheka, nani alipwe nyumba kwa kubeba mti? Hakuna aliyeugusa. Hatimaye mmoja akaubeba, labda kwa utani, na jioni hiyo akapewa shamba na nyumba kama ilivyotangazwa. Halafu Wu Qi akaweka gunia la maharage mekundu nje ya lango la mashariki, zawadi ile ile kwa atakayelipeleka magharibi. Watu wakakanyagana. Ndipo akatangaza: kesho tunaupiga mnara, wa kwanza kuupanda atapewa cheo, shamba na nyumba. Ulianguka asubuhi moja.

Han Fei ndiye anayetusimulia hili. Kila ninapomkumbuka yule mbeba mti natabasamu, kisha nawakumbuka wenzake waliokimbilia mnara siku ya tatu. Wa kwanza alipata nyumba kwa kuukubali upuuzi. Kuna waliofuata ambao hawakulala kwenye nyumba yoyote.

Kwa nidhamu alikuwa hana mchezo. Katika vita fulani na Qin, kabla ngoma haijalia, askari mmoja ushujaa ulimpanda, akachomoka peke yake akarudi na vichwa viwili vya adui. Wu Qi akaamuru akatwe shingo. Ofisa akasihi: huyu ni mtu wa kipaji. Wu Qi akajibu, kipaji anacho, lakini sikumwamuru. Na yeye mwenyewe alipoletewa upanga kabla ya pambano aliukataa. Kazi ya jenerali ni ngoma na bendera, alisema. Kushika upanga mmoja si kazi yake. Kwa hiyo huyu shujaa aliyeogopwa kuliko wote, katika simulizi za vitani, hatumwoni akimchoma mtu hata mmoja.

Kitabu kinamhesabia vita kubwa 76: 64 ushindi kamili, zilizobaki sare. Hakuna aliyoshindwa. Hesabu kama hizo huwa nazipokea kwa kijiko, si kwa sufuria. Ila katika kitabu hicho hicho yupo Wu Qi mwingine, mchovu kidogo, ambaye ningependa anukuliwe zaidi. Kushinda vita ni rahisi, anasema, kuutunza ushindi ndiyo kazi. Dola linaloshinda mara tano litapata balaa, mara nne litachoka, mara tatu litapata ukubwa, mara mbili litapata ufalme, na lile linaloshinda mara moja tu litatawala ulimwengu. Mtu wa ushindi 64 ndiye anayeambiwa alisema hayo.

*

Mtawala Wen alipofariki, mwanawe Wu (jina tu limefanana na la jenerali) akarithi. Siku moja wakiwa kwenye chombo wanateremka na mkondo wa Mto Njano, mtawala mpya akageuka akatazama majabali na maji, akasema kwa furaha: tazameni ngome hii, hii ndiyo hazina ya Wei! Wu Qi akamkatiza furaha. Akamtajia wafalme wa kale waliokuwa na maziwa, mito na milima kila upande, na wote wakaanguka kwa sababu walitawala vibaya. Usipokuwa na wema, akasema, hata hawa tuliomo nao katika chombo hiki wote watakuwa adui zako. Sisi tungesema kikulacho ki nguoni mwako, na tungesema tukiwa nchi kavu. Kumwambia hivyo mfalme kijana katikati ya mto kulihitaji moyo.

Hata kushindwa alijua kushindwa. Alipopitwa cheo cha uwaziri na Tian Wen alimwendea wapimane. Kuongoza majeshi? Tian Wen akakiri hamfikii. Kusimamia maofisa na kuwaweka raia sawa? Hamfikii. Kuilinda Xihe mpaka Qin isithubutu kutazama mashariki? Hamfikii. Sasa mbona uko juu yangu? Tian Wen akajibu: mtawala ni kijana, nchi ina mashaka, wakubwa hawajamzoea na raia hawajamwamini. Wakati kama huu, cheo hiki kiwe chako au changu? Wu Qi akanyamaza muda mrefu, akasema: kiwe chako. Watu waliamini mipango ya Wu Qi. Yeye mwenyewe, tangu Lu, hakuna aliyemwamini moja kwa moja, naye alilijua hilo.

Waziri aliyefuata, Gongshu, aliitumia ile ile kasoro. Gongshu alikuwa ameoa binti wa ukoo wa mtawala, na alimwogopa Wu Qi. Mtumishi wake akampa mbinu. Mwambie mtawala kwamba Wu Qi huenda hana nia ya kubaki kwetu. Ampime kwa kumpa binti mfalme amuoe. Akikubali, atabaki. Akikataa, ana safari. Halafu wewe mwalike Wu Qi kwako, na mkeo akutukane na kukudharau mbele yake. Ikafanyika hivyo. Wu Qi akaketi sebuleni kwa waziri, akaona jinsi binti wa kifalme anavyoweza kumfanya mume, na posa ilipoletwa akaikataa kwa adabu. Mtawala akaanza kumshuku. Wu Qi akakimbia.

Mke aliyekuwa naye ndiye aliyemfanya asiaminiwe Lu, akamuua. Mke aliyemkataa ndiye aliyemfanya asiaminiwe Wei. Nilipomfikisha mama hapa alicheka mpaka akakohoa. Alitaka hasa kujua kama yule binti wa kifalme aliambiwa aigize, au alikuwa hivyo siku zote na mumewe akaona leo ubaya wa mkewe una faida. Sima Qian hakuona haja ya kueleza.

Inasimuliwa kwamba akitoka Wei alisimamisha gari lake, akageuka kuitazama Xihe, machozi yakamtoka. Mtumishi akashangaa: wewe ambaye ungeweza kuutupa ulimwengu kama kiatu kilichochakaa, unalia? Akajibu kwamba hawakumwacha amalize kazi, na haitapita muda mrefu Xihe itakuwa ya Qin. Mwaka 330 KK Wei iliikabidhi Qin ardhi hiyo. Huyu hakulia matanga ya mama yake. Alililia eneo.

Chu, upande wa kusini, ilimpokea na kumpa alichokiapia langoni mwa Wey: uwaziri. Mfalme Dao alimwachia mikono, na Wu Qi akaifyeka serikali kama anayepalilia. Vyeo visivyo na kazi vikafutwa, makabaila wa mbali wakanyimwa posho za urithi, fedha yote ikaelekezwa kwa askari. Hakumfyonza mtu jipu huko. Sima Qian anamshangaa kwa hilo: yule aliyemfundisha mtawala kwenye chombo kwamba wema unazidi milima, Chu alitawala kwa ukali usio na huruma, na ukali huo ukamwondolea uhai.

Mwaka 381 KK Mfalme Dao alifariki, na kabla hajazikwa makabaila wakamvamia Wu Qi kwa pinde. Hakuwa na jeshi. Inasimuliwa kwamba alipaza sauti: nitawaonyesha ninavyotumia askari. Akachomoa mishale iliyompata, akakimbilia chumba alicholazwa mfalme, akajitupa juu ya maiti, akaichomeka ile mishale, akapiga ukelele kwamba wakubwa wanamuasi mfalme. Wao wakaendelea kufuma. Wakamuua, na mishale yao ikaingia mwili wa mfalme. Kwa sheria ya Chu kuugusa mwili wa mfalme kwa silaha kulikuwa na adhabu ya ukoo mzima. Mfalme mpya alipomaliza kumzika baba yake aliwakamata waliohusika. Zaidi ya nyumba 70 ziliangamizwa.

Ilikuwa vita yake ya mwisho, na askari wake alikuwa maiti mmoja.

Mama alinyamaza kidogo. Nilidhani atauliza habari za zile nyumba 70, za wanawake na watoto waliokuwamo. Au angeuliza nani alimzika jenerali. Badala yake akaniuliza kama yule kijana wa jipu alirudi.

Nikamwambia simulizi inakatika pale mama yake analia. Wasifu unahamia kwenye habari nyingine.

"Si nilikwambia," akasema. Kisha akaniuliza kama nimeshakula.